Inua Ulimi

"Hii ni rangi tuliyomchoma kwa sindano mkononi," daktari alisema, akionyesha picha kwenye kompyuta. "Ilitakiwa ibaki ndani ya mishipa. Hapa inavuja."

Ndani ya ubongo wangu mlikuwa na weupe mdogo, kama tone la maziwa linaloanza kutawanyika majini. Sikujua kwamba nimebeba kitu kizuri namna ile.

Mama alisogeza kiti. Ndiye anayenipa vidonge vya kifafa, kisha huniambia, "Fungua mdomo, inua ulimi," maana kila nikianguka huamini nimevitema.

"Kwa hiyo huwa anavimeza?"

"Anavimeza, mama. Damu yake inaonyesha. Ila mshipa ukivuja, ubongo ulio kando yake nao huvimba. Pengine ndiyo maana dawa hazifui dafu."

Mama aligusa lile doa kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anayemfuta mtu chozi.

Saa ya dawa ilikuwa imefika. Alitoa vidonge mkobani, akaniwekea kiganjani. Nikameza, nikafungua mdomo, nikainua ulimi kwa mazoea.

Macho yake yalikuwa bado kwenye picha.

"Funga mdomo, mwanangu," alisema.