Programu Isiyojua Kitu

Enzi hizo barua ziliandikwa na programu. Mtu alitaja jina la mpokeaji tu, salamu na dua zikajiandika. Raya alikuwa ameacha kujibu barua za mama yake, maana zote zilikuwa za mashine. Ndipo mama huyo, Bi Mashavu, akaingia kisomo cha jioni ajifunze kuandika mwenyewe, akajaribu programu tatu. Ya kwanza ilimmalizia sentensi, ya pili ikapamba hata dua yake.

"Nataka isiyojua kitu," alimwambia mwalimu.

"Basi hii ya tatu. Lakini utakosea, bibi."

"Niache nikosee, mwanangu."

Akaanza kwa bismillahi, herufi moja moja: *Raya mwanangu, nakuombeya.*

Kesho yake Raya alipiga simu, analia huku anacheka. "Mama, umeandika wewe! Mashine gani iandike 'nakuombeya'?"

"Alhamdulillahi!" Bi Mashavu akapiga kigelegele.

"Na miaka yote ile, mama, nani alikuwa akiniombea?"