Kengele ya Kura

Muswada wa daraja ulikuwa wa mwisho kwenye ratiba ya siku ya mwisho kabla ya Bunge kuvunjwa. Usipopigiwa kura leo, unakufa pamoja na Bunge lenyewe. Mwanaidi, mbunge aliyeuleta, alivitazama viti vitupu, kura zisingetosha, akawatazama kule roshani kina mama wa kwao waliofiwa na watoto mtoni. Kengele ya kuita wapiga kura ilipoanza kulia, aliacha mtandio wake kitini akatoka mbio hadi mgahawani.

"Waheshimiwa, jamani, nawaomba! Chai mtaikuta!"

Waliinuka kivivu, mmoja bado anatafuna sambusa. Akawaswaga mbele yake kama mbuzi hadi wa mwisho akaingia ukumbini. Hapo kengele ikanyamaza, na askari akaufunga mlango mbele ya uso wake.

"Afande, nifungulie! Muswada ni wangu!"

"Samahani, Mheshimiwa. Kengele ikishanyamaza, hafunguliwi mtu."

Ndani, Spika alimwita asimame atoe hoja, maana hoja isiyo na mwenyewe haipigiwi kura. Akamwita tena. Mwanaidi aliupiga mlango kwa viganja mpaka vikawaka moto. Kupitia kioo kidogo cha mlangoni aliwaona kina mama wamesimama, wameinamia ukingo wa roshani, wanautazama mtandio.