Dubu wa Ferdo

Naandika haya nimesimama, daftari nimeliweka juu ya friji, na naapa kwa bunduki ya marehemu baba kwamba humu hamna hata neno moja la kutunga. Yote nimeyaona kwa macho yangu.

Ferdo, mstaafu wa kiwanda cha mbao hapa kwetu Kočevje, mji uliozungukwa na misitu ya dubu, alikuwa na kidonda juu kidogo ya kifundo cha mguu. Ni dubu, alisema. Mwezi wa nne alikuwa mtoto wa dubu, kamkwaruza tu akakimbia. Mwezi wa saba Ferdo akajigonga kwenye toroli, kidonda kikafumuka, na yule mtoto akageuka mama mtu. Mwezi wa tisa akajigonga tena kwenye mlango wa banda la kuku. Dubu wakawa wawili, mmoja ana chongo.

Wawindaji wenzake walimmiminia pombe ya plamu ili asimulie upya. Hakuna aliyeuliza mbona ngozi pale imekuwa ya zambarau, nyembamba kama ganda la kitunguu, mishipa yote nje. Wala hakuna aliyejua kwamba nyumbani soksi ilikuwa ikigandia kidondani, na kuivua lazima ung'ate taulo.

Aliyeuliza ni Zofka, nesi mstaafu, na ndiye mkuu wa msako wetu wa kuwinda. Mwezi na ushei kabla ya msako wa mwisho wa mwaka alimvuta Ferdo pembeni, akamwambia avue buti. Buti likagoma.

"Miezi saba," akasema Zofka. "Dubu gani huyo, mzee mwenzangu, anakutafuna mpaka leo?"

"Alikuwa na kucha chafu."

"Chafu kushinda hizo soksi zako?"

Akampa masharti. Bila cheti cha daktari hashiki bunduki. Wenzake wataingia msituni, yeye atabaki kwenye kibanda cha wawindaji kukoroga supu. Na daktari akimkuta dubu mguuni, Zofka mwenyewe atahukumiwa. Asipomkuta, Ferdo. Kwetu, msako wa mwisho ukiisha, mwongo wa mwaka hulazwa kifudifudi juu ya kulungu aliyewindwa, akachapwa fito tatu za makalio. Ferdo, ambaye kwa miaka arobaini hajakosa msako huo hata mmoja, akakubali.

Daktari wa Ljubljana aliwasikiliza dubu wote wawili kwa adabu. Yule mwenye chongo alimfurahisha sana. Kisha akapima damu, akampata mnyama mwenyewe: kupe, mdogo kuliko punje ya ufuta, aliyemuuma Ferdo miaka mingi nyuma, pengine akiokota uyoga, na ugonjwa wake ukawa unaila ngozi taratibu. Akaandika vidonge vya wiki nne. Kidonda kilichowashinda dubu wawili kikafunga kimya kimya.

Jumamosi iliyopita Ferdo alishika bunduki, buti limeingia bila ubishi. Jioni, kibandani, Zofka akakisoma kile cheti kwa sauti. Alipofika kwenye kupe, watu walicheka mpaka supu ikapoa. Mimi nilicheka kuliko wote, huku nikijisogeza mlangoni, maana fito huwa siziamini.

Zofka akaupiga ufito hewani mara moja, kuujaribu.

"Unakwenda wapi, Ferdo?" akaniambia. "Rudi ulale hapa."