Jino la Akiba

Kila asubuhi, kabla ya chai, bibi alisimama mbele ya kioo akalisugua jino lake la dhahabu kwa ndimu na majivu mpaka ling'are. Siku hiyo hakumaliza. Mjukuu wake wa kike aliingia mbio, anahema.

"Bibi, mwenye cherehani amekubali kuniuzia! Lakini kuna mteja mwingine anakuja saa sita, na mimi nimepungukiwa nusu ya bei."

Cherehani ile alikuwa ameikodi miaka mitatu. Ikiondoka, na kazi imeondoka.

Bibi akasukutua. "Vaa viatu. Twende benki."

"Wewe una benki gani, bibi?"

Bibi akacheka, jino likawaka. Noti zilibadilishwa mara mbili machoni pake, za zamani zikawa za kuwashia moto, lakini jino lilibaki jino. Daktari wa meno wa mtaani ndiye aliyemtengenezea, miaka ishirini iliyopita, kwa hereni za harusi alizompa aziyeyushe.

Walimkuta daktari akichemsha vifaa vyake.

"Ling'oe," bibi akasema, tayari ameshajilaza kitini. "Sonara yuko hapo ng'ambo ya barabara. Atalipima kwa tindikali, anilipe."

Koleo likamponyoka daktari.

"Mama, shavu litabonyea! Tena wale watakupunja. Wezi wakubwa."

"Wezi wamejaa, baba," bibi akakubali, akaachama. "Aaa."

"Ngoja, mama, ngoja. Nitalinunua mimi. Na libaki hapo hapo mdomoni, ulitumie maisha yako yote."

Msichana alilengwalengwa na machozi. Nani hununua kitu akakiacha kwa mwenyewe?

"Kwa bei ya leo," bibi akasema. "Si ya miaka ile. Hereni zilikuwa gramu nne, unakumbuka?"

"Nakumbuka, mama."

Daktari alijifuta jasho, akahesabu noti mpaka droo ikabaki na risiti tupu.

Saa tano na nusu cherehani ilikuwa juu ya mkokoteni, wao wakiifuata nyuma.

"Daktari yule ana huruma, jamani," msichana akasema. "Lazima nimshonee shati."

"Mshonee tu, hereni zangu ameshazilipa." Bibi akasimama kwenye genge la kwanza, akachagua ndimu mbili, akazibonyeza kwa kidole. "Lakini mjukuu wangu, wewe umeona wapi dhahabu inayosuguliwa kila asubuhi ndiyo ing'are?"