Tundu la Bafu

Nilipochomoa tambara la mwisho kwenye tundu la hewa ukutani, upepo wa asubuhi uliingia bafuni, na mvuke wa maji ya mtoto ukaanza kutoka.

Nilikuwa nimerudi kutoka zamu ya usiku mgodini. Nilichoka, lakini ukuta ule ulinichosha zaidi. Ukungu mweusi ulikuwa umepanda mpaka darini, maji yakitiririka juu yake kama jasho, na mtoto alikuwa akikohoa hata usingizini.

Mke wangu Bilonda ndiye aliyeziba tundu wakati wa vita, tulipojificha humu bafuni, ili askari wasisikie kilio cha mtoto wetu, aliyekuwa bado mchanga. Vita viliisha. Matambara yakabaki.

"Wacha vile, tata," aliniambia, amepiga magoti kando ya beseni, akiutazama ukuta. "Mi nitasugua tena kibambazi."

"Miaka mbili unasugua, mama. Haitoke."

Alimmwagia mtoto maji mgongoni. Nje, wafanyakazi wa zamu ya asubuhi walikuwa wakipita, na vishindo vya viatu vyao vizito vikaingia kwa lile tundu.

Mtoto alivisikia, akapiga maji kwa viganja, akaanza kucheka.

Mkono wa Bilonda ulikuwa umekwisha kumziba kinywa.