Nukta Tatu Kwenye Kola

Msajili wa alama za biashara alilikunjua shati mezani. Kwenye kola palikuwa na nukta tatu za uzi mwekundu, zimekaa mshazari.

"Alama moja, wenyewe wawili," alisema. "Kila mtu aniambie kaitoa wapi."

Shamte alijibu kwanza. "Matone ya mvua, mheshimiwa. Nimeyabuni mimi. Huyu alikuwa mke wangu, kazi yake kushona tu."

Sikudhani, mwanamke aliyekaa kando yake, hakumtazama. "Siku niliyomwambia naondoka na cherehani yangu, alinikamata mkono akausukuma chini ya sindano, akakanyaga. Mara tatu. Damu ikadondokea kola niliyokuwa naishona. Sikuitupa. Nilishona juu ya damu, na tangu hapo kila nguo yangu inatoka hivyo."

"Mwongo mkubwa wewe!"

Msajili akamsogezea mwanamke karatasi ya pingamizi. "Weka sahihi."

Sikudhani aliiacha kalamu. Alichovya dole gumba kwenye wino, akalikandamiza. Alipoliinua, katikati ya weusi palibaki vidoa vitatu vyeupe, mshazari uleule wa kwenye kola.

Shamte alimrukia. Kofi la kwanza lilimbamiza ukutani, kisha akalidaka lile dole gumba akaanza kulipinda kwa nyuma.

"Futa maneno yako! Futa!"

Mfupa ukalia ko. Macho ya Sikudhani yalikuwa kwa msajili, aliyesimama na muhuri ameuinua juu ya karatasi mbili, ombi la Shamte na pingamizi la mwanamke, bado hajaushusha.