Kesi ya Mbega Mlangoni

"Toeni ndimi," akasema Mwalimu Gilbert, na watoto arobaini na mmoja wa Gredi ya Tatu wakatoa ndimi.

Akaupita mstari mzima, mikono mgongoni, akichungulia kinywa baada ya kinywa. Ndimi kumi na tisa zilikuwa nyekundu, lakini hayo yalikuwa mabuyu. Wino hakuuona.

"Mwalimu mkuu," akasema Hannah, mwalimu wa darasa lile, "sidhani kuna mtoto aliyeula."

"Muhula uliopita si waliila rejista?"

"Yule alikuwa mbuzi."

Kilichokuwa kinatafutwa ni ukurasa wa mwisho wa kitabu. Shule yao, nje kidogo ya Msambweni, ilikuwa imeazimwa sanduku la vitabu vya hadithi vya kuwafundisha watoto mambo ya hasira, wivu, huzuni, na jinsi ya kukaa na wenzao. Kila asubuhi Hannah aliwasomea kimoja, kisha akawauliza: ungekuwa wewe, ungehisi vipi? Ijumaa afisa angekuja kuvikagua. Kikipatikana hata kimoja kimeharibika, sanduku zima lingehamishiwa shule nyingine.

Na hiki kilikuwa kimeharibika. Ndani yake mbega mdogo alivunja mtungi wa jirani, akavificha vigae, akakosa usingizi siku tatu, mwisho akaamua kwenda kusema ukweli. Akafika mlangoni. Akainua mkono abishe hodi. Halafu jalada.

Gilbert, ambaye kwao ni Kakamega na alipenda mambo yaliyokamilika, alikuwa amelifungua na kulifunga jalada hilo mara nane.

"Tena tazama," akamwonyesha Hannah mahali kurasa zinaposhikana. "Hakuna hata uzi wa karatasi uliobaki. Aliyechana hapa ni fundi."

Hannah hakuwa bado amewasomea hicho; kilikuwa kimetoka sandukuni mara moja tu, na aliyekipeleka nyumbani alikuwa Kahaso, msichana mpole kuliko wote, aliyezungumza kwa kunong'onea kiganja chake.

"Kahaso, kuja hapa. Ukurasa uko wapi?"

Kahaso akanong'ona.

"Anasema nini?"

"Anasema shikamoo," akajibu Hannah.

"Marahaba. Ukurasa uko wapi?"

Machozi yakamtiririka mtoto bila sauti yoyote. Gilbert hakuweza kutazama mtoto akilia, kwa hiyo akatazama ramani ya Kenya ukutani mpaka Hannah alipomtoa Kahaso nje. Kisha, kwa kuwa sheria ni sheria, akaenda ofisini kwake, akachukua kalamu na kuanza barua ya kumwita baba yake.

Hakuwa amefika kwenye tarehe mlango ulipogongwa. Alikuwa Chome wa darasa lile lile, kifungo kimoja cha shati kikiwa kimebaki.

"Mwalimu mkuu, si Kahaso. Ni mimi. Niliufungia njugu."

Gilbert akaandika jina lake. Akaingia Shutu.

"Ni mimi, mwalimu mkuu. Nilitengeneza ndege. Akaruka mpaka Lunga Lunga, akavuka kuingia Tanzania."

"Bila pasipoti?"

Shutu akafikiri. "Alikuwa ndege mdogo."

Mwanasha akaeleza kwamba bibi yake aliuchemsha akaunywa, dawa ya mgongo, na mgongo umepona, alhamdulillahi. Mwingine aliudondosha chooni. Mwingine alimpa ngedere, maana ngedere alimwomba vizuri. Kufikia saa sita foleni ilikuwa imelizunguka tangi la maji, na wawili wa Gredi ya Nne walikuwa wamejipanga pia; hawakujua kesi ni ya nini, ila waliona si vizuri kuwaachia wenzao.

Aliyekuja wa mwisho ni Kahaso mwenyewe. Aliondoa kiganja mdomoni.

"Mwalimu mkuu, wasamehe," akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza Gilbert kuisikia sauti yake. "Ni waongo, lakini ni wazuri."

Gilbert akakaa na orodha ya wahalifu arobaini na wawili mbele yake. Mwezi wa kwanza watoto hao hao walikuwa wakipigana mateke kwa ajili ya kifutio. Akaichukua barua ya baba Kahaso, akaichana vipande, akavitia mfukoni.

"Hawajui kudanganya kabisa," akamwambia Hannah.

"Hawajui, mwalimu mkuu."

"Hata mmoja hakumtaja mwenzake."

"Hata mmoja."

Akapenga kamasi kwa nguvu, akasema ni vumbi la chaki, ingawa asubuhi nzima hakuna aliyeshika chaki. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka ishirini ya kazi: akapanga udanganyifu. Kule Matuga kulikuwa na shule iliyopewa sanduku kama lao, na mwalimu mkuu wake, Judy, alisoma naye chuoni. Judy angeupiga picha ukurasa, wao wangeuchapisha na kuubandika kwa gundi, na afisa asingejua. Watoto wangebaki na vitabu vyao.

Akapiga simu.

"Judy, habari za Matuga? Nina shida ndogo tu. Kile kitabu cha mbega aliyevunja mtungi, naomba unipigie picha ukurasa wa mwisho. Ule unaofuata baada ya yeye kuinua mkono mlangoni."

Judy akashusha sauti.

"Gilbert, chetu kinaishia hapo hapo mlangoni. Cha shule ya Majoreni pia. Kumbe ndivyo kilivyochapwa. Sasa mimi nina wazazi sitini hapa nje, nimewaita kwa kesi hiyo hiyo. Niwaambie nini?"